Congo yetu ndani ya magazeti ya zamani ya Marekani: namna ya kuyatafuta na namna ya kuyasoma

Mwezi wa nane mwaka 1908, mjini Brussels, moto uliwaka kwa siku nane karibu na jumba la mfalme. Leopold wa Pili alikuwa anakaribia kuikabidhi Congo kwa serikali ya Ubelgiji, na kabla ya kuikabidhi aliamuru karatasi za dola lake zichomwe. Barua, hesabu za mpira na pembe, ripoti za wakubwa wa vituo: nyingi ziligeuka majivu. Alitaka watu wasijue yale yaliyofanyika huku kwetu.

Wapendwa wasikilizaji na wasomaji, wengi wenu mnajua maana ya karatasi kuungua. Familia nyingi zilizohama zimeacha nyuma kadi za uchaguzi, diploma za watoto, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za shamba. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ndiyo sababu leo tunazungumzia daftari moja ambalo mfalme hakuweza kulifikia: magazeti ya Marekani ya karne ya 19, hasa yale yaliyotoka mara moja kwa mwezi. Yalikuwa yamekwisha kuingia katika maelfu ya nyumba na maktaba ng'ambo ya bahari. Kuchoma nakala moja hakukuondoa zile nyingine.

Magazeti gani hayo?

Wamarekani wa wakati ule hawakuwa na redio wala televisheni. Jioni walisoma. Harper's ya kila mwezi ilianza mwaka 1850 mjini New York, na Harper's Weekly ya kila juma mwaka 1857. Mwaka huo huo wa 1857 ilianza Atlantic Monthly mjini Boston. Scribner's Monthly ilianza mwaka 1870, na kuanzia mwaka 1881 ikaitwa The Century. Ndani yake mlikuwa na hadithi, siasa, safari za mbali na picha nzuri zilizochongwa kwenye mbao. Makanisa pia yalikuwa na magazeti yao, yaliyochapisha barua za wamisionari waliokuwa Afrika.

Congo iliingia humo kwa njia mbili. Ya kwanza ni biashara. Tangu miaka ya 1830 meli za Marekani zilikuwa zikifika Zanzibar na kushusha nguo za pamba. Ndiyo maana kitambaa kile kikaitwa merikani, na jina hilo likapita na misafara hadi Maniema. Meli zilirudi na pembe za ndovu, nyingine zikiwa zimebebwa mabegani mwa watu kutoka Maniema. Katika jimbo la Connecticut, miji ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kukata pembe hizo na kuzifanya vitufe vya piano na vitana. Mtoto wa Marekani aliyejifunza piano aliweka vidole juu ya jasho la mchukuzi wa Nyangwe bila kujua.

Njia ya pili ni wasafiri waandishi. Stanley alitumwa na gazeti la kila siku, New York Herald, kumtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji mwaka 1871. Baadaye mwaka huo wawili hao walifika kwenye mdomo wa mto Ruzizi, jirani na Uvira. Mwaka 1876 Stanley alifika Nyangwe na kufuata mto akisindikizwa kwa sehemu ya njia na Tippu Tip. Tangu hapo wasomaji wa Marekani walitaka habari za Congo, na magazeti yakawapa.

Mfano wa shahidi mmoja

Tumchukue Edward Glave. Alikuwa kijana Mwingereza aliyeajiriwa na watu wa Leopold mwaka 1883 na kuwekwa kwenye kituo cha Lukolela, kando ya mto. Mwaka 1890 gazeti la Century lilichapisha makala yake juu ya biashara ya watumwa katika bonde la Congo. Wakati ule aliamini kwamba utawala mpya umekuja kuwaokoa watu.

Mwaka 1893 Century ilimtuma tena Afrika kuchunguza utumwa. Safari hii aliingia kwa upande wa mashariki, akafika kwenye mti ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa, akavuka Tanganyika, akapita Maniema na kushuka mto hadi Matadi. Kila siku aliandika katika daftari lake. Na kadiri alivyoendelea, alichokiona kilimgeuza. Aliandika juu ya fimbo ya ngozi ya kiboko na jinsi inavyokata nyama ya mtu. Aliandika juu ya wanawake waliofungwa, na vijiji vilivyoshambuliwa kwa sababu ya mpira. Kutoka Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, aliandika kwamba vichwa 21 vya watu vilipangwa kuzunguka bustani ya maua ya ofisa mmoja Mbelgiji, Kapteni Rom.

Glave alifariki kwa ugonjwa pale Matadi mwezi wa tano mwaka 1895, kabla ya kupanda meli. Daftari lake lilifika New York. Mwezi wa tisa mwaka 1897 Century ilichapisha sehemu ile chini ya kichwa kilichotaja wazi ukatili katika Dola la Congo. Watetezi wa haki huko Uingereza waliyachukua maneno hayo wakayatumia dhidi ya mfalme. Kwa hiyo mwaka 1908 karatasi zilipoungua Brussels, ushahidi wa marehemu huyu ulikuwa umesomwa kwa miaka kumi na moja.

Namna ya kutafuta

Zamani ilibidi mtu asafiri hadi maktaba kubwa na kufungua jalada baada ya jalada. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha Yale, William Frederick Poole, aliona taabu hiyo, na mwaka 1848 akachapisha orodha ya makala za magazeti kufuatana na mada. Orodha hiyo ilikua ikawa kitabu kikubwa mwaka 1882, na watafiti wanaitumia hadi leo. Baadaye maktaba za vyuo vikuu vya Cornell na Michigan ziliweka magazeti mengi ya karne ile kwenye intaneti kwa jina la Making of America. Internet Archive nayo inatoa majalada mazima bure. HathiTrust ina mengi zaidi, ila baadhi ya vitabu vyake hufunguka kwa mtu aliye Marekani tu. Ndugu aliyepata makao huko anaweza kukusaidia.

Kwa anayetafuta kwa simu, na mega ni ghali, mambo manne yatamwokolea muda.

Kwanza, tumia majina ya zamani. Usiandike Kisangani, andika Stanley Falls. Maniema huandikwa Manyema au Manyuema. Nyangwe na Kasongo zina herufi tofauti kutoka mwandishi mmoja hadi mwingine. Zaidi ya hayo, mashine iliyosoma kurasa hizo inakosea herufi, basi jaribu kila namna.

Pili, ujue mwaka. Wakaaji wa Goma na Bukavu wasishangae wakikosa habari zao: miji hiyo haikuwepo, na Mzungu wa kwanza kufika ziwa Kivu, Mjerumani von Götzen, alifika mwaka 1894. Wa Uvira na Maniema watapata habari za mapema zaidi.

Tatu, andika jina la gazeti, mwezi, mwaka, namba ya jalada na ukurasa. Makala ya Glave imo katika jalada la 54 la Century. Bila namba hizo, mwingine hawezi kwenda kuhakikisha, na neno lako litabaki uvumi.

Nne, usiamini gazeti moja. Linganisha. George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyekuwa askari kisha mwanahistoria, alimwandikia Leopold barua ya wazi kutoka Stanley Falls mwezi wa saba mwaka 1890, miaka saba kabla ya makala ile ya Glave. Mmisionari William Sheppard, naye Mmarekani mweusi, aliyefika Kasai mwaka 1891, alihesabu mikono 81 iliyokatwa mwaka 1899. Mashahidi watatu, sehemu tofauti, miaka tofauti, na wote wanaelekeza kwenye ubaya uleule. Hapo ndipo habari inakuwa na miguu.

Yasiyokuwemo

Lazima tuseme pia magazeti hayo yanaficha nini. Maktaba nyingi zilipofunga matoleo kuwa vitabu zilitupa majalada ya nje na kurasa za matangazo. Miaka ya 1890 kurasa hizo zilijaa baiskeli, na matairi yake yalihitaji mpira. Ukisoma kitabu kilichofungwa utaona mateso, lakini hutaona mnunuzi.

Kubwa kuliko hilo ni majina. Wazungu wana majina, vyeo na picha. Mababu zetu mara nyingi ni "wenyeji", "wachukuzi", "mwanamke mmoja". Wale watu 21 wa Stanley Falls hawakuandikwa majina. Huenda walikuwa na wajukuu ambao leo wanasikiliza redio hii. Picha pia zinahitaji jicho kali: zilichongwa na mafundi wa mjini, na fundi ambaye hakufika Congo aliweza kuongeza cha kwake.

Tufanye nini sisi?

Glave hakuwa na silaha wala cheo kikubwa. Aliandika mahali, siku, na alichokiona kwa macho. Kazi hiyo mnaweza kuifanya hata katika hema. Chukueni daftari la shule. Andikeni jina la kijiji, la zamani na la sasa, jina la chifu, mwaka na mwezi mliohama, mlipitia wapi, nani alikuwepo, nani alibaki njiani. Ulizeni wazee wangali hai. Andikeni majina kamili, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokosekana katika Century.

Kisha msiweke nakala moja tu. Nyingine iende kwa ndugu aliye mji mwingine, au kwa mtu wa kanisa au msikiti mnayemwamini. Na kama kuna jina linaloweza kumletea mtu hatari leo, nakala hiyo isipite mikononi mwa watu. Itunzwe mahali salama hadi wakati wake.