Kadi za leza na mashine za kuzisoma

KADI ya kumbukumbu ya leza ni kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kadi ya benki, ambacho huhifadhi habari kwa njia ya mwanga. Badala ya utepe wa sumaku au chipu, kadi hiyo ina ukanda mpana unaong'aa mithili ya kioo.

Aliyeibuni ni Mmarekani Jerome Drexler, mwasisi wa kampuni ya Drexler Technology ya jimbo la California, mapema katika miaka ya 1980. Ukanda huo una asili yake katika ufundi wa filamu za picha, kwani umeundwa kwa chembechembe za madini ya fedha zilizotandazwa ndani ya jilatini na kukingwa kwa plastiki ngumu.

Wakati wa kuandika, mwali mkali wa leza huchoma vishimo vyenye upana wa mikroni mbili hivi, vidogo mno kuliko unene wa unywele. Vishimo hivyo hupangwa katika mistari iliyonyooka, tofauti na vile vya diski ambavyo hufuata mzunguko.

Kwa sababu hiyo, kisomaji chake hakizungushi kadi, bali huisukuma mbele na nyuma chini ya leza hafifu isiyoweza kuchoma. Mahali palipo pazima hurudisha mwanga, ilhali penye kishimo huonekana peusi. Kitambuzi hugeuza tofauti hizo kuwa ishara za umeme, nayo kompyuta huzifasiri kuwa sifuri na moja. Aidha, tarakimu za ziada huandikwa pamoja na habari ili hata kadi ikikwaruzwa, yaliyopotea yaweze kukokotolewa upya.

Sifa zake zilikuwa nyingi. Kadi moja iliweza kubeba hadi takriban megabaiti nne, wakati ambapo chipu za kadi zilibeba kilobaiti chache tu. Sumaku haikuidhuru. Zaidi ya yote, kilichoandikwa hakikuweza kufutwa ili kiandikwe kingine mahali pake. Habari mpya ziliongezwa tu baada ya zile za zamani. Mwenye nia ya kughushi alikabiliwa na kazi ngumu kwelikweli.

Ndiyo maana Marekani iliitumia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 katika kadi za ukazi wa kudumu, maarufu kama Green Card, na katika kadi za raia wa Mexico wanaovuka mpaka. Kanada ilifuata mwaka 2002. Wakenya waliopata Green Card miaka hiyo, wakiwemo washindi wa bahati nasibu ya viza, walibeba ukanda huo mifukoni mwao.

Hata hivyo, kadi ni nusu tu ya mtambo. Picha na alama za vidole zilizofichwa katika ukanda hazina faida pasipo kisomaji, na kwa miaka kadhaa ya mwanzo vituo vingi vya mpakani havikuwa nacho. Maafisa walilazimika kulinganisha sura na picha kwa macho. Hapo ndipo tapeli aliyefanana na mwenye kadi alipopata mwanya, ingawa ushahidi wa kumnasa ulikuwa mkononi mwa afisa.

Baadaye chipu zilizosomwa kwa mawimbi ya redio, pasipo kadi kuingizwa mashineni, zilichukua nafasi hiyo. Marekani ilianza kutoa kadi mpya za mpakani za aina hiyo mwaka 2008. Kampuni ya Drexler, iliyokuwa imebadili jina kuwa LaserCard, ilinunuliwa na HID Global mwaka 2011. Mwaka 2017, Green Card iliundwa upya bila ukanda wa leza.

Somo lake lingali na uzito kwa kila nchi inayowapa raia wake vitambulisho vya kisasa: kabla ya kuuliza kadi inabeba nini, yafaa kuuliza ni nani ana mashine ya kuisoma, na iko wapi.