Ukuta, Ukumbi na Alama ya X

Nani ana haki ya kuandika ukutani? Swali hili laonekana kuwa la wasanii peke yao, lakini kwa hakika ni swali la utawala. Nitalijibu kwa kuifuata safari ya mchoraji wa mbali, Jean-Michel Basquiat, aliyetoka kwenye kuta za mitaani akaingia katika kumbi za maonyesho, kwa sababu safari yake inatusaidia kuzisoma kuta zetu za Iringa na Mbeya.

Tuanzie nyumbani. Kando ya mji wa Iringa, chini ya mwamba wa Igeleke, zipo picha nyekundu za watu na wanyama zilizochorwa na watu wa kale. Hazina saini. Leo tunaziita urithi wa taifa, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatoa ulinzi kwa michoro ya namna hiyo. Anayekwenda kuandika jina lake juu yake anaharibu kumbukumbu yetu sote, na sina neno la kumtetea. Hata hivyo, tukumbuke kwamba kilichoufanya mwamba ule uwe hazina ni mkono wa mtu aliyeona uwazi akaujaza.

Basquiat alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1960, baba yake akiwa Mhaiti na mama yake mwenye asili ya Puerto Rico. Kuanzia mwaka 1978, yeye na mwenzake Al Diaz waliandika mafumbo kwenye kuta za Manhattan kwa jina la SAMO. Miaka minne baadaye, mwaka 1982, alifanya maonyesho ya peke yake katika ukumbi wa Annina Nosei, na matajiri wakaanza kununua kazi zake. Mafuvu, mataji, maneno yaliyofutwa kwa makusudi: lugha ya ukutani ilihamia kwenye turubai. Miongoni mwa vitabu alivyovitumia ni kile cha Burchard Brentjes kuhusu sanaa ya miambani barani Afrika. Hivyo mchoraji wa mitaa ya New York alijifunza pia kutoka kwa ndugu wa wachoraji wa Igeleke.

Lakini ukumbi haukubadilisha sheria ya mtaa. Mwaka 1983 kijana mweusi, Michael Stewart, alikamatwa na polisi wa New York kwa madai ya kuandika ukutani katika kituo cha treni, akafariki baada ya kuwa mikononi mwao. Basquiat alimchorea picha ya maombolezo kwenye ukuta wa karakana ya rafiki yake, Keith Haring. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu: katika mji mmoja, ndani ya miaka michache, alama za aina moja zilimpa mmoja utajiri na kumtia mwingine mikononi mwa polisi. Tofauti haikuwa rangi iliyotumika. Ilikuwa ni nani aliyefungua mlango.

Oktoba 1986 kazi za Basquiat zilionyeshwa Abidjan, Ivory Coast. Ni jambo la kujivunia, lakini tazama njia zilizopitia: mfanyabiashara wa sanaa wa Uswisi, Bruno Bischofberger, na ukumbi wa kituo cha utamaduni cha Ufaransa. Hata alipoijia Afrika, msanii huyu alipokewa katika nyumba ya wengine. Alifariki Agosti 1988 akiwa na miaka 27. Mwaka 2017 picha yake moja ya mwaka 1982 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 110.5.

Sasa turudi kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ipitayo katika mikoa yetu miwili. Kuta zilizo kando yake hazijawahi kuwa tupu. Kampuni za simu na za vinywaji zimepaka maduka rangi zao, toka msingi hadi paa, na tunaita hayo biashara. Serikali nayo huandika: alama nyekundu ya X kwenye nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara ndiyo mchoro unaoogopwa kuliko yote nchini, na tunaita huo utekelezaji wa sheria. Akija kijana na kopo la rangi ya kupuliza, ndipo tunapokumbuka neno uchafu.

Simaanishi kwamba kila ukuta uwe wa kila mtu. Mwenye nyumba ana haki yake. Ninachodai ni mlango. Dar es Salaam, wachoraji kama kundi la Wachata wameonyesha kwamba grafiti inaweza kuheshimiwa. Iringa tunalo Boma, jengo la Wajerumani lililogeuzwa kuwa makumbusho. Halmashauri za Iringa na Mbeya zinaweza kutenga kuta za stendi na masoko, na Boma likampa mchoraji wa mtaani maonyesho yake ya peke yake, angali hai na jina lake likiwa mlangoni.

Wachoraji wa Igeleke hatutayajua majina yao kamwe. Wa leo tunaweza kuwauliza.