Aibu ya Kutawadha Miguu

Katika kufundisha sura ya 13 ya Injili ya Yohana, walimu wengi twaieleza kuwa somo la upole, kisha twapita. Naona twakosa. Siku moja huko Bunda, nilipomaliza somo hilo, mzee mmoja wa Kiikizu aliniuliza, "Mwalimu, na kesho yake nani alimwogopa tena?" Sikuwa na jibu, lakini nilijua ya kuwa ameielewa habari ile kuliko mimi.

Maana katika nchi za Warumi na Wayunani heshima haikuwa jambo la moyoni tu. Ilikuwa mali ya nyumba nzima, ikilindwa mbele ya macho ya watu, nayo ilipimwa kwa mambo madogo: nani aketi wapi karamuni, nani amwamkie mwenzake kwanza, nani ashike maji. Kuosha miguu yenye vumbi ilikuwa kazi ya mtumwa. Tena walimu wa Kiyahudi walifundisha kwamba hata mtumwa, akiwa Mwebrania, asilazimishwe kuifanya. Basi Petro alipokataa hakuwa mkaidi. Aliona fedheha: mwalimu akijishusha hivyo, mwanafunzi wake atakuwa nani? Na siku ya pili yake ukaja msalaba, adhabu ya watumwa na waasi, mbele ya wapita njia.

Lugha yetu yatusaidia hapa. Neno heshima latoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni haya na staha. Kwa Wayunani neno timē lilikuwa heshima, tena lilikuwa bei ya kitu. Mkurya ahesabuye ng'ombe wa mahari ya binti yake atalielewa bila kamusi.

Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934, wakaleta desturi yao ya kutawadhana miguu wakati wa Meza ya Bwana, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Lakini katika mji wa Mzanaki, pale Butiama, mtoto ndiye amleteaye mzee maji ya kunawa. Mzee kuinama miguuni pa kijana ni kuupindua mji. Na uamsho ulipozuka Shirati mwaka 1942, watu walisimama kusanyikoni wakaungama dhambi zao hadharani. Kwa mtu aliyelelewa kusitiri makosa ya ukoo wake, hiyo ilikuwa aibu ya nyumba nzima, si yake peke yake.

Nilipokutana tena na yule mzee nilimwambia kweli: hata kesho haikufika, usiku ule ule walimkimbia wote. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia niendelee kusoma.