Tangi la samaki lenye mimea na udongo

Tangi la samaki lenye mimea na udongo ni chombo cha maji baridi ambamo samaki wachache hufugwa pamoja na mimea mingi iliyopandwa katika udongo wa kawaida. Linaweza kudumu bila pampu wala chujio, hivyo hufaa hata shule isiyo na umeme wa uhakika. Njia hii ilienezwa na Mmarekani Diana Walstad kwa kitabu chake *Ecology of the Planted Aquarium* (1999).

Jinsi linavyofanya kazi

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Amonia ni sumu kwa samaki lakini ni chakula cha mimea. Inayobaki hubadilishwa na bakteria kuwa nitriti, kisha nitrati. Udongo unapooza polepole hutoa dioksidi ya kaboni inayotumika katika usanisinuru, nayo mimea hutoa oksijeni. Usiku mimea nayo hutumia oksijeni. Samaki wakiwa wengi mno, alfajiri huonekana wakihema juu ya maji.

Utengenezaji

Udongo wa bustani usiotiwa samadi wala mbolea ya dukani huchekechwa na kutandazwa kwa unene wa sm 2 hadi 3. Samadi mbichi hutoa amonia nyingi inayoweza kuua samaki. Juu yake huwekwa mchanga wa mtoni uliooshwa, wa unene uleule. Mchanga unaotoa mapovu ukidondoshewa siki una chokaa, nao huongeza ugumu wa maji.

Maji humiminwa taratibu juu ya sahani ili udongo usitibuke. Maji ya bomba yenye klorini huachwa kwanza katika ndoo wazi kwa siku 1 au 2. Mimea, kama *Vallisneria spiralis* na *Ceratophyllum demersum*, hupandwa kwa wingi tangu siku ya kwanza, la sivyo mwani hutawala. Tangi huwekwa karibu na dirisha, mbali na jua kali. Samaki huingizwa baada ya wiki kadhaa, mimea ikishashika.

Maji katika maeneo makavu

Mahali pakavu kama Mkiwa, mkoani Singida, maji hupungua haraka kwa mvukizo, lakini chumvi zake hubaki. Ziwa Singidani, lisilo na mto wa kutolea maji, lina chumvi kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo kujazia tu hakutoshi: sehemu ya maji ya zamani hutolewa, na maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi hufaa kujazia.

Samaki

Gupi hufaa tangi dogo. Perege na kambare hawafai, kwani hukua wakubwa na kung'oa mimea.

Tahadhari

Samaki na mimea ya tangi haipaswi kutupwa mtoni, bwawani wala ziwani. Gugu-maji, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kama pambo, lilivamia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba njia za mitumbwi na maeneo ya uvuvi. Mimea isiyotakiwa huanikwa juani mpaka ikauke kabisa.