"Bote ni nani?" Historia fupi ya vijana waliotengeneza habari



Leo siandiki juu ya wafalme wala mikataba. Naandika historia ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tulikipita shuleni bila kukiangalia: vijana kukaa katika kikundi, kutengeneza habari, halafu kusahihishana wao kwa wao mbele ya kuitoa. Naanzia na kosa langu mwenyewe, sababu kosa hilo njo lilinirudisha kwenye vitabu.

Nilikuwa nafundisha historia, darasa la tano ya umanite, hapa Bukavu. Kila siku ya tatu, nyuma ya masomo, tulikuwa na klabu ya habari: wanafunzi 23, vikundi 4, telefone 2 za kurekodia. Redio moja ndogo ilitupatia dakika 10 kila siku ya posho.

Kikundi kimoja kilileta reportaji juu ya robine ya mtaa wao. Bei ya bidon moja ya litre 20 ilikuwa imepanda mara mbili. Walisema kama mama mlinzi wa robine anakula feza ya watu. Kwa masikio ilikuwa kazi nzuri: maji yalisikika yakianguka ndani ya bidon, na sauti ya kijana aliyesoma ilikuwa safi. Usiku nikaisahihisha peke yangu. Nikakata marudio, nikanyoosha lugha, nikaandika "très bien" kwenye karatasi yao. Siku ya posho ikapita hewani.

Siku ya kwanza asubuhi yule mama hakufungua robine. Watu walikuwa wameenda kumtukana kwake, mbele ya watoto wake. Siku 4 mtaa mzima ulishuka mpaka ziwani kuteka maji. Halafu komite ya maji ikatoa karatasi yake: bei mpya iliamuliwa na komite yenyewe, juu ya kutengeneza pompe iliyoharibika. Mama alikuwa anafuata tu alichoambiwa.

Tulipokutana tena nikauliza kikundi:

"Nani aliwaambia kama mama anakula feza?"

"Mwalimu, bote banasema."

"Bote ni nani?"

Kimya. Halafu binti mmoja wa kikundi kingine, mwenye kukaa nyuma kila mara, akasimama.

"Mwalimu, ule ni mama yangu mukubwa. Ile karatasi ya komite niliionaka ku nyumba yake."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Hamukutuuliza. Ile habari mulisoma na bo tu."

Jibu hilo sijalisahau. Ukweli ulikuwa ndani ya chumba, umekaa kwenye banki ya nyuma, na mimi nilikuwa nikisahihisha koma.

Tulienda kuomba msamaha, tukatangaza masahihisho siku ya posho iliyofuata. Mama alitupokea, akatupatia viti. Lakini alikataa kusema kitu mbele ya telefone yetu, na mimi nilimuelewa.

Nyuma ya pale nikakumbuka jina moja tulilolisikia kwenye masomo ya pedagojia, tukaliandika kwenye kayee, tukalisahau nyuma ya egzame: Célestin Freinet. Nikaanza kusoma tena.

Freinet alizaliwa mwaka wa 1896 katika kijiji cha Gars, kusini mwa Ufaransa. Katika vita ya kwanza ya dunia, mwaka wa 1917, alijeruhiwa kifuani. Alipoanza kufundisha Bar-sur-Loup, mwaka wa 1920, mapafu yake hayakuweza kubeba masomo ya kusema saa nzima. Akaanza kuwatoa watoto nje: kuangalia mafundi, mashamba, mto. Waliporudi darasani, waliandika walichokiona. Karibu na mwaka wa 1924 akanunua mashine ndogo ya kuchapisha, na watoto wakaanza kuchapa maandishi yao kwa mikono yao, herufi moja moja.

Wengi wanaitaja ile mashine. Lakini mimi naona jambo kubwa lilikuwa ile njia ambayo andiko lilipita mbele ya kufika kwenye mashine. Mtoto anaandika anachotaka. Anasoma mbele ya wenzake. Darasa linachagua kwa kura andiko la kuchapwa. Kisha linaandikwa ubaoni, na wote, pamoja na mwenyewe, wanalitengeneza: hapa haueleweki, hapa haikuwa vile, hapa ongeza. Mwalimu yuko pale, lakini si yeye peke yake anayeshika kalamu nyekundu. Na kisha kuna msomaji wa kweli. Tangu mwaka wa 1926 shule ya Freinet iliandikiana na shule ya mwalimu René Daniel, kule Trégunc, Bretagne, upande mwingine kabisa wa nchi. Mtoto wa milimani alijua kama kuna mtoto wa baharini atakayesoma. Ukijua kama kuna mtu atakayesoma, unaandika kwa uangalifu zaidi.

Katika madarasa ya Freinet kulikuwa pia na gazeti la ukutani: karatasi kubwa yenye safu za kulaumu, kusifu, kuomba, na kusema kilichofanyika. Watoto waliijaza juma lote, kila mmoja akitia jina lake, na mwisho wa juma ilisomwa mbele ya mkutano wa darasa. Angalia vizuri: lawama bila jina haikuwa na nafasi. Uko na neno juu ya mwenzako? Weka jina lako, na ukubali kujibiwa. Sisi tunaoishi na ujumbe wa "imetumwa mara nyingi" kwenye telefone tunaweza kupima uzito wa kanuni hiyo.

Njia hiyo haikuwa bila hatari. Alipohamia Saint-Paul-de-Vence, andiko la mtoto mmoja aliyeeleza ndoto yake, ambamo meya anauawa, lilichukuliwa na wapinzani wa Freinet na kubandikwa kwenye kuta za mji kama ushahidi kwamba anaharibu watoto. Mwaka wa 1933 watu walikuja kupiga kelele mpaka mbele ya shule, na mwisho aliondolewa pale. Mwaka wa 1935 akafungua shule yake mwenyewe Vence. Mwalimu anayewapa vijana sauti anakubali pia kusimama mbele yao pale sauti hiyo inapoleta shida. Mimi nilisahau upande huo. Mtaa ulipokasirika, siku mbili za kwanza niliwaacha watoto wajibu peke yao.

Wakati uleule, mbali na Ufaransa, kulikuwa na daktari mmoja Mpolandi, Myahudi, aliyeitwa Henryk Goldszmit. Dunia inamjua kwa jina lake la uandishi, Janusz Korczak. Tangu mwaka wa 1912 aliongoza nyumba ya yatima Warsaw, ambako watoto walikuwa na gazeti lao na hata baraza lao la kuhukumu makosa madogo. Tarehe 9 Oktoba 1926 alianzisha Mały Przegląd, gazeti la watoto na vijana lililotoka kila siku ya ijumaa ndani ya gazeti la kila siku la Wayahudi, Nasz Przegląd. Watoto waliandika barua kutoka sehemu nyingi za Polandi. Wengine wakawa waandishi wa habari wa kweli, na walilipwa kwa kazi yao. Waliandika juu ya shule, kupigwa, umaskini, ugomvi wa nyumbani. Mwaka wa 1930 Korczak aliacha uongozi mikononi mwa kijana Igor Newerly, na gazeti likaendelea mpaka tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani iliposhambulia Polandi. Agosti 1942 Korczak alipelekwa Treblinka pamoja na watoto wake yatima. Hakuwaacha.

Kuna atakayesema: hayo ni ya Ulaya, sisi tuko na mambo yetu. Sawa. Turudi huku kwetu basi, kwenye ziwa letu.

Wazazi wetu walijua redio inaweza kufanya nini. Ng'ambo ya mto Ruzizi, RTLM ilirusha chuki tangu mwaka wa 1993, na katika miezi ya 1994 ilitangaza mpaka majina ya watu wa kuuawa. "Bote banasema" ilikuwa na mikro. Katikati ya 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kuingia Goma na Bukavu, na uvumi ulivuka pamoja nao. Ndiyo sababu, Agosti 1994, ilianzishwa hapa Bukavu redio moja iliyoitwa Agatashya, jina la ndege mbayuwayu, ili kuwapa watu habari iliyochunguzwa. Vita ya 1996 iliizima. Lakini waandishi waliotoka kwenye kazi hiyo walikuwa wameunda Fondation Hirondelle, yenye jina la ndege yuleyule, na tarehe 25 Februari 2002 shirika hilo pamoja na MONUC walifungua Radio Okapi, inayosema Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Habari ile tunayosikia asubuhi tukifunga viatu ina mizizi yake hapa.

Na ina bei yake. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa hapa Bukavu Juni 2007. Didace Namujimbo, wa redio hiyohiyo, aliuawa hapa Novemba 2008. Kwa hiyo mtu asiniambie kama kuwafundisha vijana kutengeneza habari ni mchezo wa kupitisha saa za nyuma ya masomo.

Kwenye klabu tulibadilisha kazi. Kwanza, hakuna habari iliyotoka bila kusikilizwa na vikundi vyote. Wanaosikiliza walianza kwa kurudilia walichokisikia: "Sisi tumeelewa kama mulisema hivi." Mara nyingi kikundi kilishangaa, sababu walifikiri wamesema kingine. Pili, kila msikilizaji aliuliza walau swali moja, na swali la kwanza lilikuwa lilelile kila mara: nani aliwaambia? Tatu, mtu anayetajwa vibaya lazima atafutwe, asikilizwe. Kama hapatikani, habari inangoja. Nne, masahihisho yaliandikwa kwenye kayee na jina la aliyeyatoa, kama kwenye ukuta wa Freinet.

Mwanzo ulikuwa mugumu. Wengine walichekana. Marafiki walisifiana bila kusikiliza: "Iko muzuri, iko muzuri tu." Kijana mmoja alitoka analia juu ya wenzake kusema sauti yake ni ya kulala. Nikajifunza kwamba kusahihishana hakutoki wenyewe. Kunafundishwa, kama hesabu inavyofundishwa. Tukakubaliana: usiseme juu ya mtu, sema juu ya kazi. Usiseme "ni mbaya", onyesha dakika gani na neno gani.

Kidogokidogo nikaona kitu. Mimi najua lugha na najua namna ya kupanga reportaji. Lakini vijana 23 wanatoka kwenye mitaa mingi, wanasikia mengi, wanajua nani ni shangazi wa nani na karatasi gani imebandikwa kwenye mlango gani. Ujuzi huo hauna mwalimu mmoja anayeweza kuwa nao. Kwa habari, darasa zima ni jicho kuliko mwalimu.

Miezi 5 nyuma ya kosa letu, kikundi cha yule binti wa banki ya nyuma kilileta habari juu ya takataka zilizoziba mfereji. Walikuwa wametaja mfanyabiashara moja. Kijana wa kikundi cha robine, yuleyule aliyesoma kwa sauti safi, akanyoosha mkono.

"Nani aliwaambia kama ni yeye?"

"Majirani."

"Majirani wangapi? Na yeye mwenyewe anasema nini?"

Hawakuwa wamemuuliza. Wakarudi. Ile siku ya posho tulikuwa na dakika 3 za kimya kwenye programu yetu, tukazijaza na mashairi ya wanafunzi wa darasa la nne. Msimamizi wa redio hakufurahi. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye "très bien" yoyote.

Wasomi wenzangu, wengi wetu tutakuwa walimu, hata wale wasiopenda, sababu kazi zingine ni chache. Tutapewa madarasa ya watoto 60 na chaki mbili. Kwa kazi hii mashine ya Freinet si ya lazima, wala telefone ya bei. Kikundi cha watoto watano, habari moja ya mtaa, na saa moja ya kusikilizana vinatosha kuanza. Na kabla ya kushika kalamu nyekundu, tuwageukie wale wa banki ya nyuma, tuwaulize wao wanajua nini.