Nta, Dhahabu na Vito

Huenda mtu akauliza wakulima wa pamba wa Kisorya wana haja gani na habari za masonara. Haja tunayo. Dhahabu ya Kiabakari na Buhemba ilichimbwa jirani zetu tangu enzi za Waingereza, na vijana wetu kadha wa kadha, msimu ukiisha, hushika sururu. Yafaa wajue mali hiyo hufanywa nini ikishatoka mikononi mwao.

Kusubu kwa nta ni kazi ya kale. Mafundi wa Benin, katika nchi iitwayo leo Nigeria, walifinyanga sura kwa nta, wakaifunika udongo, wakaitia motoni hata nta ikatoka, kisha wakamimina shaba mahali pake. Mwaka 1907 daktari wa meno wa Marekani, William Taggart, alieleza namna ya kusubu vijazo vya meno vya dhahabu kwa njia hiyo, na baadaye masonara wakaifuata. Lakini kito kilipachikwa mwisho, kwa mkono, kimoja kimoja.

Kuelekea mwisho wa karne ya 20 viwanda vikageuza utaratibu: vito hupachikwa katika nta yenyewe, kabla dhahabu haijamiminwa. Nta hiyo hufunikwa kwa uji wa jasi wenye asidi ya boriki, ili almasi isiungue. Tanuri huiteketeza nta, vito vikabaki vimeshikwa na jasi. Dhahabu humiminwa, nayo ikipoa husinyaa na kuvibana. Subira yatakiwa hapo, maana kalibu ikitumbukizwa majini mapema, mawe hupasuka.

Almasi, kama zile za Mwadui zilizogunduliwa mwaka 1940, hustahimili moto huo, yakuti pia. Zumaridi hapana. Wala tanzanaiti yetu, iliyogunduliwa Mirerani mwaka 1967, haistahimili: badiliko la ghafla la joto huipasua. Hiyo hupachikwa kwa mkono, dhahabu ikiwa baridi.

Basi njia iliyowapunguzia kazi mafundi wa ng'ambo haiwezi kuigusa johari hii. Mwaka 2018 machimbo ya Mirerani yalikwisha kuzungushiwa ukuta wa kilomita 24.5, na Arusha kuna Kituo cha Jemolojia kifundishacho ukataji wa vito. Sisi tuliouza pamba mbegu tukanunua kanga twaijua hasara ya kuuza mali ghafi. Twawaomba viongozi, wanapojadili mafunzo ya vijana, wautaje na usonara.