Siri ya mashine kuukuu za michezo kugoma kwenye runinga mpya

MASHINE ya michezo ya video iliyokaa kabatini kwa miaka 20 hutolewa, ikapanguswa vumbi na kuunganishwa kwenye runinga mpya ya sebuleni. Badala ya picha, kioo huonyesha giza na maneno kwamba hakuna mawimbi yanayopokewa. Wakati mwingine picha hutokea, lakini ina ukungu, hukwama kila baada ya sekunde chache, au mhusika wa mchezo huruka baada ya kidole kuwa kimekwisha kuachia kitufe.

Wengi huamua papo hapo kwamba mashine imekufa, wakaitupa au kuiuza kwa bei ya vipuri. Aghalabu uamuzi huo huwa wa haraka mno. Huenda mashine ni nzima na runinga pia ni nzima. Kinachokosekana ni maafikiano kati ya vifaa hivyo viwili kuhusu wakati wa kuanza kuchora kila picha. Maafikiano hayo ndiyo huitwa ulandanishaji, na mara nyingi huweza kurekebishwa.

Nani huongoza mapigo?

Runinga za zamani za kioo kizito zilichora picha kwa mwale wa elektroni uliopita mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Runinga za wakati ambapo mashine hizi zilivuma, kwa kawaida hazikuwa na kumbukumbu ya kuhifadhia picha. Zilisubiri ishara mbili kutoka kwa mashine: moja ya kutangaza mwanzo wa mstari, na nyingine ya kutangaza mwanzo wa picha mpya. Ishara ya pili ilipodhoofika, picha ilipanda au kushuka mfululizo, na waliomiliki runinga hizo watakumbuka kitufe cha kuzungusha kilichotumiwa kuituliza.

Kwa mpangilio huo, mashine ilikuwa mpiga ngoma na runinga mchezaji. Mpiga ngoma alipoharakisha kidogo, mchezaji naye aliharakisha.

Runinga za kisasa hazichezi hivyo. Zina saa yake ya ndani, na hutarajia picha zije kwa kasi zilizokubaliwa na watengenezaji wote, mathalani picha 50, 59.94 au 60 kwa sekunde. Picha ikiwasili, runinga huipokea, huihifadhi, huipanua ili ijaze kioo, huing'arisha, kisha ndipo huionyesha. Kazi yote hiyo hula muda.

Hitilafu ndogo, athari kubwa

Mashine za zamani hazikufuata viwango hivyo kikamilifu. Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, hutoa takriban picha 60.10 kwa sekunde, sawa na Super Famicom iliyotoka mwaka 1990. Mega Drive ya Sega, iliyotoka mwaka 1988, hutoa takriban picha 59.92 katika toleo lake la Japani na Marekani. Game Boy ya mkononi hutoa takriban 59.73.

Tofauti hizo huonekana kama si kitu, lakini hisabati yake ni rahisi. Super Famicom ikiunganishwa kwenye runinga inayoonyesha picha 60 kamili kwa sekunde, picha moja hubaki bila nafasi kila baada ya sekunde 10 hivi. Runinga ikifuata 59.94, picha ya ziada hujitokeza kila baada ya sekunde sita hivi. Picha hiyo lazima itupwe, na hapo ndipo mandhari yaliyokuwa yakisonga kwa utulivu hushtuka ghafla. Kwa Game Boy mambo hugeuka: picha hupungua, na moja hulazimika kurudiwa karibu kila sekunde nne.

Tatizo la pili linatokana na idadi ya mistari. Chini ya mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani, picha ya runinga ilikuwa na mistari 525 iliyotumwa kwa awamu mbili: mistari ya namba witiri, kisha ya namba shufwa. Waundaji wa mashine za michezo walikiuka utaratibu huo kwa makusudi. Kila awamu waliipa mistari 262 badala ya 262 na nusu, hivyo awamu zote zikaangukia mahali pamoja. Matokeo yakawa picha ya takriban mistari 240 inayoonekana, isiyotikisika.

Runinga nyingi za kisasa hudhani kwamba picha hiyo ni nusu tu, wakasubiri nusu ya pili ili kuziunganisha. Hapo ukungu na ukawiaji huongezeka. Hata vivuli ambavyo mchezo ulivionyesha kwa kuwasha na kuzima haraka huweza kutoweka kabisa au kugeuka michirizi.

Hamsini au sitini

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, ni muhimu kujua mashine ilitoka wapi. Kenya, sawa na Uingereza, ilitumia mfumo wa PAL wa awamu 50 kwa sekunde katika enzi ya matangazo ya analogi, ambayo ilikamilika nchini mwaka 2015. Mashine iliyotengenezewa soko la Uingereza hutoa picha 50, ilhali iliyoletwa kutoka Marekani au Japani hutoa takriban 60.

Jambo hili lina uzito wake. Michezo mingi ya miaka ya themanini na tisini ilihesabu mwendo kwa idadi ya picha. Mchezo uliotungwa kwa picha 60 na kupelekwa kwenye mashine ya 50 bila kurekebishwa ulipungua kasi kwa takriban asilimia 17. Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991 ni mfano unaojulikana: kwenye Mega Drive za Ulaya, hata muziki wake ulikwenda pole pole.

Aidha, mashine ya NTSC ikiunganishwa kwa waya wa kawaida wa manjano kwenye runinga inayoelewa PAL pekee, picha huweza kutokea bila rangi. Hiyo si dalili ya kuharibika.

Mipangilio mitatu ya msingi

Vifaa vya kati, ambavyo hupokea mawimbi ya zamani na kuyatoa kwa waya wa HDMI, hutofautiana sana. Vile vya bei nafuu huwa havimpi mtumiaji chaguo lolote. Baadhi ya vilivyoundwa mahususi kwa michezo ya kale, mathalani baadhi ya vile vya RetroTINK, humruhusu aamue nani ataongoza mapigo.

Mpangilio wa kwanza ni wa kuifuata mashine. Kifaa hutoa picha kwa kasi ile ile inayotoka kwenye mashine, hata kama ni 60.10. Ukawiaji huwa mdogo mno na mwendo hubaki laini. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya runinga hukataa kasi isiyo ya kawaida na kuonyesha giza. Vilevile, mchezo ukibadilisha idadi ya mistari katikati, runinga huweza kupoteza picha kwa sekunde kadhaa. Chrono Cross wa PlayStation hufanya hivyo kila mchezaji anapofungua orodha ya vifaa vyake.

Mpangilio wa pili ni wa kuifuata runinga. Kifaa huhifadhi picha kadhaa kwenye kumbukumbu na kuzitoa kwa kasi rasmi. Karibu kila runinga huikubali picha hiyo. Gharama yake ni ukawiaji wa takriban picha moja, yaani kama milisekunde 17, pamoja na ule mshtuko wa kila baada ya sekunde chache.

Mpangilio wa tatu ni mpya zaidi. Toleo la 2.1 la HDMI, lililotangazwa mwaka 2017, liliweka utaratibu unaoiruhusu runinga kubadilisha kasi yake kulingana na picha zinazowasili. Runinga yenye uwezo huo hurudia tabia ya zile za kale: hucheza ngoma inayopigwa. Hata hivyo, ni sharti kifaa cha kati nacho kiwe na uwezo huo, na kasi ya mashine iwe ndani ya mipaka ya runinga, ambayo aghalabu huanzia 40 au 48.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza haigharimu chochote. Kwenye menyu ya runinga, mtumiaji achague Game Mode, kisha azime vipengele vyote vya kulainisha mwendo na kung'arisha picha. Bila hatua hiyo, runinga nyingi hukawia kwa zaidi ya milisekunde 50. Ikichukuliwa, nyingi za kisasa hushuka chini ya 20.

Pili, waya wa manjano ubadilishwe iwapo mashine ina njia bora ya kutoa picha, kama vile S-Video au RGB. Waya wa RGB ni lazima ubebe ishara ya ulandanishaji ambayo kifaa cha kati kinaielewa. Usipofanya hivyo, picha itapinda, itaviringika au haitatokea kabisa.

Tatu, kifaa cha kati kianzishwe kwa mpangilio wa kuifuata runinga ili kuthibitisha kwamba picha ipo. Hapo ndipo mpangilio wa kuifuata mashine ujaribiwe. Runinga ikiukubali, ubaki huo huo. Ikiukataa, hakuna hasara ya kurudi nyuma.

Kuna jambo moja ambalo mipangilio hii haiwezi kulitatua. Bunduki ya Zapper iliyotumiwa katika mchezo wa Duck Hunt hutafuta mwanga wa shabaha katika muda mfupi sana baada ya kitufe kubonyezwa, na iliundwa kutambua mwanga wa kioo kizito pekee. Kwenye runinga ya kisasa mwanga huo huchelewa na si wa aina ile ile. Bunduki haioni chochote, hata mchezaji akilenga barabara.

Kwa sababu hiyo, mashine inayodhaniwa kuwa mbovu ijaribiwe kwanza kwenye runinga ya kioo kizito, iwapo jirani au fundi anayo. Ikionyesha picha huko, haina haja ya kufunguliwa wala kuuzwa kama vipuri. Inayohitaji kurekebishwa ni runinga, au kifaa kilicho kati yao.